Namtafuta Nangila kwa Earphone

Langas, Eldoret
18 Mei 2025

Nangila wa mama,

Hii barua inakuja na Jeconia, dereva wa duka, ndani ya mzigo wa sweta za shule yenu. Za Form Two nimefuma mimi mwenyewe kwa mashine yangu. Ukiona msichana amevaa sweta ambayo shingo haijalegea, jua hiyo ni kazi ya mama yako. Na umwambie, usione haya.

Sasa sikia. Mwalimu Obonyo ametuma kwa grupu ya wazazi ile rekodi ya kwaya yenu siku ya tamasha la muziki. Nilisimamisha mashine. Nikaambia duka zima nyamazeni, mtoto wangu anaimba. Wakanyamaza wote, hata mteja mmoja aliyekuwa amekuja kulalamika sweta imerudi ndogo baada ya kufuliwa. Wimbo ulipoisha alipiga makofi na akasahau kulalamika. Hiyo ni wewe umefanya, ukiwa huko shuleni Plateau na hujui.

Jioni nikapeleka simu kwa mazoezi ya kwaya yetu. Unajua tunajitayarisha kwa Jumapili ya kufungua kanisa jipya, mwezi wa nane mkishafunga shule. Kuna wimbo mmoja ambao ubeti wa pili unaimbwa na mtu mmoja peke yake, na bado tulikuwa hatujapata mtu. Nikasimama. Nikasema mtu yuko, ni Nangila wangu, na ushahidi ndio huu. Nikaweka rekodi. Mama Ooko, mwenyekiti wetu, akainamisha kichwa kwa simu mpaka miwani ikagonga kioo. Akasema, "Mama Nangila, mimi nasikia wasichana wa kujaza basi. Wako ni yupi?"

Nikamwambia spika ya simu yangu ina ufa tangu ianguke kwa karai. Na ni kweli ina ufa. Lakini nikuambie wewe peke yako, hata mimi sikukusikia. Mimi niliyekuzaa! Nimecheza hiyo rekodi nikipika, nikifua, nikiwa nimeweka simu ndani ya sufuria ndio sauti ipande. Nasikia ngoma, nasikia wasichana. Wewe sikusikii.

Kwa hivyo nimeamua kununua earphone. Si zile hazina waya, za kuanguka moja kwa mtaro ubaki na ya upande mmoja. Nataka ya waya, ya kuingia ndani ya sikio, na ya bei ambayo mtu wa kufuma sweta anaweza bila kulala njaa. Wewe ndiye unasoma physics, niambie niangalie nini. Pia niambie ulisimama mstari wa ngapi, nijue pa kukutafuta.

Jina lako la solo nimeshaandikisha.

Mimi mama yako, na wote wanajua,
Hulda Nekesa


Shuleni
23 Mei

Mama,

Naandika haraka, Jeconia anapakua mzigo na amesema hangoji mtu. Sweta zimekaa poa. Niliambia wasichana ni wewe, wawili wameuliza kama unaweza kuwafumia na mifuko ya ndani.

Kuhusu earphone. Kwanza angalia simu yako ina ule mlango wa duara wa kuchomeka waya. Najua iko nao, lakini angalia kama hauna vumbi, zile nyuzi ndogo za mashine zinajaza kila kitu. Pili, usiamini maandishi ya boksi. Boksi ikisema besi kubwa sana, wacha. Besi ikizidi inafunika watu. Tatu, na hii ndiyo muhimu, zile raba za kuingia masikioni zinakuja saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Raba ikiwa na nafasi kwa sikio, sauti nzito zinavuja nje, utafikiri earphone ni mbaya na kumbe ni raba. Jaribu zote. Tumia wimbo mmoja tu kila mahali, sauti ikiwa katikati, usipandishe mpaka mwisho. Ukibadilisha wimbo hutajua ni nini kimebadilika.

Rekodi yenyewe usisumbuke nayo sana Mama. Ilichukuliwa na simu tu, na mvua ilikuwa imeanza.

Na hiyo solo, si ungeniuliza kwanza?

Nangila


Langas
8 Juni

Nangila daktari wangu wa masikio,

Nikuambie niliyoyaona! Mimi mtu wa darasa la saba, sikujua kuna dunia ndani ya waya.

Nilianza kwa kijana mmoja anatembeza bidhaa karibu na stage ya matatu. Earphone nyekundu, waya bapa kama kamba ya kiatu. Nikaweka wimbo wenu, huo mmoja tu kama ulivyosema. Wee! Ile ngoma ilinipiga kichwani kama niko ndani ya posho mill inasaga mahindi. Wasichana wako huko mbali wamejifunika blanketi. Nikasema hii ni ya watu wanataka kutetemeka. Lakini kijana alikuwa na sheria yake, ati ukishatia kwa sikio umenunua. Nikanunua. Nimempa Jeconia, yeye anaipenda sana, sasa hata akiitwa na mwenye duka hasikii.

Baadaye nikaambiwa kuna Wanjohi, ana kibanda cha vitu vya simu nyuma ya soko, na yeye anakubali mtu ajaribu. Nikaenda na spiriti, pamba, na leso safi. Kila earphone nikapangusa raba kabla na baada. Wanjohi akaniangalia akasema, "Mathe, umekuja kununua ama umekuja kunidunga sindano?" Nikamwambia sikio langu limebeba mambo mengi, siwezi kuliwekea nta ya watu. Akacheka, akanipa kiti. Tangu hapo anawaita wateja wengine wanione. Ati mimi ndiye inspekta wake.

Hiyo ya pili ilikuwa nyembamba, nyeupe. Hiyo nayo ilinyoosha kila kitu kikawa kama mafuta yanakaanga. Ngoma ikawa kidole kinagonga boksi. Lakini mambo madogo yakatoka! Kuna mtu amekohoa baada ya ubeti wa kwanza. Kiti kimeburutwa. Kuna msichana mmoja wa sauti ya kwanza anaingia kabla ya wenzake kila mara, kama mtu anavuka barabara bila kungoja. Mwambie nimemsikia.

Wewe tu ndiye bado. Nilirudisha wimbo mpaka Wanjohi akaniletea chai.

Raba ulikuwa umesema kweli kabisa. Ile ya kati inakaa sawa kwa sikio la kulia, la kushoto inaanguka nikigeuka. Kumbe masikio yangu si mapacha! Miaka yote hii nimebeba masikio mawili tofauti na hakuna mtu aliniambia. Wanjohi anasema earphone inayonifaa haiko kwa kibanda, mzigo mwingine utakuja, ningoje.

Nitangoja, lakini swali langu hujajibu. Mstari wa ngapi? Mama Ooko ananiuliza kila Jumapili kama nimekupata, ananiuliza akitabasamu.

Mama yako inspekta,
Hulda Nekesa


Shuleni
20 Juni

Mama,

Masikio ya kila mtu si sawa, usiogope. Weka raba ndogo kwa moja na ya kati kwa lingine, hakuna sheria inakataza. Ukisikia kelele ya kukwaruza ukitembea, hiyo ni waya inasugua nguo, si earphone. Pitisha waya nyuma ya sikio halafu uibane na pini kwa kola, itanyamaza. Na usiache waya ikunjike pale inapoingilia kwa simu. Hapo ndipo zote hufia.

Kuna kitu nataka kukuomba. Tukifunga nataka kwenda Moiben kwa shangazi, senge Robai, nikae huko likizo yote. Ana mtoto mchanga na ng'ombe, anahitaji mtu wa kumsaidia. Nitakuja Langas siku moja au mbili kabla shule ifunguliwe.

Basi tafadhali toa jina langu kwa ile solo. Mwambie Mama Ooko nimepata homa ya koo, ama chochote.

Usikasirike.

Nangila


Langas
29 Juni

Nangila,

Sijakasirika. Nimeandika barua hii mara mbili ndio isionekane nimekasirika, na ya kwanza nimewashia jiko.

Senge Robai ni dada ya baba yako na nampenda. Lakini nilimpigia simu, na yeye hajui kwamba anahitaji mtu. Amesema mtoto analala vizuri na ng'ombe ni mmoja.

Umeniandikia habari ya waya vizuri, mpaka Wanjohi amesoma na akaweka pini kwa kola yake. Unajua mahali earphone hufia, unajua raba, unajua besi. Jambo moja tu ndilo hujui kuandika, mahali uliposimama ukiimba. Nimeuliza mara mbili. Sitauliza tena.

Jina siwezi kutoa hivi hivi. Nilisimama mbele ya watu. Nitawaambia nini, ati mtoto wangu amekataa kuja nyumbani?

Mzigo wa Wanjohi unafika wiki hii.

Mama


Langas
13 Julai

Nangila mtoto wangu,

Jeconia alirudi mara mbili mikono mitupu. Najua hukuandika. Basi ngoja mimi nikuandikie, na usome mpaka mwisho hata kama utataka kuacha katikati.

Mzigo ulifika. Wanjohi alikuwa ameniwekea moja kando, ya chuma ya kijivu, ndogo kama mbegu ya boga, waya ya kawaida. Haina maneno makubwa kwa boksi. Bei yake ni ya katikati, si ile ya stage na si ile ya kuombea mkopo. Nikaweka raba ndogo kushoto, ya kati kulia, waya nyuma ya sikio, pini kwa kola. Soko lote likanyamaza. Wanjohi alikuwa anaongea na mimi naona mdomo tu.

Nikaweka wimbo. Ngoma iko mahali pake, ni ngoma, inaonekana hata ni mkono gani unapiga. Wasichana wako mbele yangu wamepangwa kama wanapigwa picha. Sauti ya kwanza huku, sauti ya pili huku. Mvua kwa mabati, hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia hata mara moja. Nikasema leo nampata. Nikaanza kuwapitia mmoja mmoja, kama vile napitia mishono ya sweta nikitafuta ulioachwa. Huyu si Nangila, huyu si Nangila. Nimewapitia wote. Hukuwa hapo.

Nilitoa earphone. Wanjohi akaniuliza, "Mathe, hii nayo ina kasoro gani?" Nikamwambia haina. Hiyo ndiyo ilikuwa shida, haikuwa na kasoro.

Nikakaa na hasira yangu kwa kile kiti. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kukuambia, na hayakuwa mazuri. Halafu nikasema wacha niweke mara moja tu ya mwisho, na nisitafute mtu. Nisikize tu.

Ubeti wa tatu. Hapo wale wa sauti ya pili wanaanza kuteremka kutoka kwa noti yao, kidogo kidogo, kama gari limesahauliwa breki kwa mteremko. Mimi ni mtu wa sauti ya pili, hiyo naijua mpaka tumboni. Na chini yao kuna kitu. Mtu anaimba mdomo umefungwa, kwa sauti ndogo sana. Hatoi neno hata moja. Wenzake wanateremka, yeye yuko pale pale, hajasonga. Na hayuko mbali kama wao wala kama mvua. Yuko karibu, karibu kuliko ngoma, kama mtu ameweka shavu lake kwa shavu langu.

Nangila, mimi nimekusikia ukichagua maharagwe. Nimekusikia ukiosha vyombo na umenikasirikia, unaimba hivyo hivyo mdomo umefungwa ndio nisiseme unanijibu. Hakuna mtu mwingine duniani ana hiyo sauti. Kila mtu kwa hiyo rekodi yuko mbele ya simu. Wewe uko nyuma yake. Wewe ndiye ulishika simu.

Sikulia. Wanjohi atakuambia nililia, lakini alikuwa anapanga kava za simu, hakuona vizuri.

Nimeilipa hiyo earphone. Nimetembea nayo mpaka nyumbani, na kila wimbo ukiisha narudisha.

Niambie kama nimekosea.

Mama yako,
Hulda Nekesa


Shuleni
18 Julai

Mama,

Hujakosea.

Walifanya trial ya kuchagua waimbaji mwezi wa pili. Mwalimu Obonyo alisema sikosi noti, lakini sauti yangu haitoki, haifiki hata kwa mlango. Akaniambia nibaki na kwaya nishike simu kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Nilikuwa nimeshakuandikia kwamba naenda trial. Kabla nikuambie nimeanguka, ikaja barua yako ati duka zima linajua. Halafu rekodi. Halafu solo. Kila ukiandika ilikuwa imekuwa kubwa zaidi, na mimi nikawa naona afadhali tuongee mambo ya raba.

Sikujua nilikuwa naimba. Haki ya Mungu sikujua. Nilikuwa naona wanateremka na nikawa nataka kuwashika. Nilirudi kwa Mwalimu nikamwomba anisikizishe kwa simu yake, hatukusikia kitu. Yeye anatumia spika.

Mama, usiwaambie watu wa kanisa. Ama waambie, lakini niache niende Moiben kweli. Siwezi kukaa benchi ya mbele Mama Ooko akinigeukia na ile miwani. Wewe ukijivuna watu wanakucheka na wanakupenda. Mimi nikipita wananicheka tu.

Nangila


Langas
27 Julai

Nangila wangu,

Hilo la mwisho limenikaa. Nimelibeba wiki nzima kwa mashine, hata nimefuma mkono mmoja wa sweta mrefu kuliko mwingine, na wewe unajua hiyo si kawaida yangu. Mimi nilifikiri nikikusifu nakujengea nyumba. Sikujua nilikuwa nakufungia ndani.

Basi leo baada ya ibada nilisimama. Nilitaka kusema kwa ufupi, unajua ufupi na mimi. Nikasema, Nangila hakuimba kwenye ile rekodi, mimi nilisema bila kumuuliza, kosa ni langu na yeye hana lake. Mama Ooko akavua miwani akaipangusa. Nikangoja kicheko. Mtu wa nyuma akaanza, nikasikia.

Halafu Mama Ooko akasema, "Na hiyo earphone umehangaika nayo miezi miwili, iko wapi?"

Nikaitoa. Akachukua upande mmoja, mimi upande mmoja. Waya yenyewe ni fupi, ikabidi tukae paja kwa paja, mashavu yakakaribia kugusana, yeye ambaye hatujakaa benchi moja tangu ule mzozo wa sare za kwaya. Nikapeleka kwa ubeti wa tatu. Sikumwambia atafute nini. Akanishika goti. "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Rudisha tena." Akageukia wenzake akasema, "Kuna mtoto hapa ameshikilia watu wote, na wao hawajui wameshikiliwa."

Wakaja wawili wawili. Nikapangusa raba kila mara na leso, spiriti ikaisha. Na mimi nilinyamaza, Nangila, waulize. Sikusema hata "ni wangu." Karibu nipasuke.

Yule wa nyuma aliyekuwa anacheka naye alikuja akasikiza. Alikaa na earphone mpaka akaombwa arudishe.

Sasa sikia matatizo yangu. Jina lako limetoka kwa solo, Mama Ooko amelikata mwenyewe. Nikashukuru, nikachukua kibeti changu niende. Akaniita. "Mama Nangila, wewe ndiye uliahidi kanisa sauti, na Jumapili ni baada ya wiki mbili. Utaimba wewe." Nikasema mimi ni mtu wa katikati ya mstari. Akasema, "Ulikuwa." Wakapiga makofi wote, wale wale.

Nimejaribu kwa duka. Jeconia alivaa ile nyekundu yake na akapandisha sauti. Nimejaribu bafuni, jirani akagonga ukuta. Peke yangu naanza vizuri, halafu nikifika pale juu nateremka kama wale wasichana wenu. Mimi niliyesema wewe utaimba mbele ya watu bila kukuuliza, sasa najua nilikuwa nakupeleka wapi.

Ukitaka Moiben, nenda. Nimeongea na senge Robai, amesema karibu, na sitakuuliza mara mbili. Lakini ukiweza nenda Jumatatu, tukishafungua kanisa, si Ijumaa. Hiyo Jumapili hakuna mtu atakugeukia kwa benchi ya mbele, hutakuwa kwa benchi. Nimewaambia rekodi yetu tunataka ichukuliwe na mtu ambaye mkono wake hautetemeki, na Mama Ooko amesema tayari anajua ni nani, nisimfundishe. Utasimama karibu na mimi, hatua moja hivi, upande wa kushoto, hilo sikio langu dogo. Mimi nitaangalia mbele.

Na ukiona nimeanza kuteremka, funga mdomo uimbe.

Mama yako,
Hulda Nekesa